Mgongo wa Msichana na Karatasi ya Majaji

Leo nataka tuzungumzie mgongo wa msichana wa miaka 13 au 14, aliyevaa viatu vyenye chuma chembamba chini ya soli, anayejifunza kuzunguka juu ya barafu kwa mguu mmoja huku mguu wa pili ameuvuta kutokea nyuma mpaka juu ya kichwa chake. Wengi wetu humwona kila baada ya miaka 4, Olimpiki ya majira ya baridi inapoonyeshwa kwenye televisheni. Muziki unakaribia mwisho, gauni linameremeta, msichana anazunguka kama pia, ukumbi mzima unapiga makofi. Na ni kweli, inapendeza. Lakini macho yetu yakiwa kwenye uso wake na mikono yake, hatukioni kinachotendeka pale kiunoni.

Yakitajwa majeraha ya mchezo huu, watu hukimbilia kutaja miruko. Wana haki. Anayetua kutoka kwenye mruko wa mizunguko mitatu huupokea mwili wake wote kwa mguu mmoja, na kishindo chake ni mara kadhaa ya uzito wake. Tara Lipinski wa Marekani alitwaa dhahabu kule Nagano mwaka 1998 akiwa na miaka 15. Mwaka 2000, hata miaka 20 hajafika, alikwishapasuliwa nyonga. Tena mruko ukiharibika unaonekana: msichana anaanguka, kila mtu anashtuka, mtangazaji anapandisha sauti. Kule kuzunguka papo hapo, ambako wachezaji wenyewe hukuita spini, hakuna kishindo. Madhara yake yanaingia kidogo kidogo, mazoezini, alfajiri, mahali pasipo na kamera wala mashabiki, na yakianza kujionyesha huitwa uchovu.

Tuanze na sheria, maana bila sheria hatutaelewa kwa nini mtoto wa watu anajikunja hivyo. Mashindano ya wanawake yana programu mbili, fupi ya dakika 2 na sekunde 40 na ndefu ya dakika 4, na kila moja hubeba spini 3. Katika ile fupi, mchezaji anatakiwa awe na spini moja anayoiingia kwa kuruka, nyingine ya mseto ambamo anabadili mikao na kubadili mguu, na ya tatu, kwa miaka mingi, ilikuwa lazima iwe ile ya kulalia nyuma: anasimama kwa mguu mmoja, anaachia kichwa na mabega yaanguke nyuma, kifua kinaelekea dari, naye anazunguka hivyo hivyo duru zisizopungua 8. Wanaume hawakutakiwa kuifanya. Ilihesabiwa kuwa ni pambo la kike. Baadaye mlango ulifunguliwa, mwanamke akaruhusiwa kuchagua badala yake kuzunguka akiwa amechuchumaa, au katika mkao wa ngamia, yaani kiwiliwili kimelala usawa na barafu na mguu mmoja umenyooshwa nyuma. Hata hivyo wengi wameendelea kulalia nyuma, na sababu iko kwenye karatasi ya majaji.

Spini hupewa ngazi. Kuna ngazi ya msingi, halafu ya 1 mpaka ya 4, na kila ngazi inapandwa kwa kuongeza jambo moja gumu. Spini ya kulalia nyuma ya ngazi ya 3 ina thamani ya pointi 2.4. Ya ngazi ya 4 ina pointi 2.7. Tofauti ni 0.3.

Utauliza, nani ataumiza mgongo wake kwa ajili ya sehemu 3 kati ya 10 za pointi moja? Basi turudi PyeongChang, Korea Kusini, mwaka 2018. Alina Zagitova alimaliza na pointi 239.57. Evgenia Medvedeva, mwenzake waliyekuwa wakifanya mazoezi kwa kocha mmoja, alimaliza na 238.26. Katika programu ndefu walilingana kabisa, 156.65 kwa 156.65. Dhahabu na fedha zilitenganishwa na pointi 1.31. Mashindano yana spini 6 kwa jumla. Kocha aliyeiona hesabu ile haachi 0.3 ilale juu ya barafu.

Sasa tumtazame msichana huyo kwa karibu, anapoitafuta ngazi ya 4. Anaingia kwenye spini kwa mguu wa kushoto, kwa kuwa wachezaji walio wengi huzunguka kwa kushoto. Analala nyuma, anakaa hapo duru kadhaa, halafu anauinamisha mgongo upande bila kupoteza kasi: hilo ni jambo moja. Anatimiza duru 8: jambo jingine. Anapeleka mkono nyuma, anaushika mguu wa kulia kwa chuma cha kiatu na kuuvuta mpaka karibu na kisogo, mkao ambao wachezaji huuita mkata nywele. Kisha anaongeza mkono wa pili, ananyoosha mikono yote juu, na mguu unapita juu ya kichwa. Huo ndio mkao wa Biellmann. Sheria ya programu fupi inasema mkao huo utahesabiwa tu ikiwa ameshatimiza zile duru 8 za kulalia nyuma. Maana yake, mkunjo mkali kuliko yote unaombwa kwa mgongo uliokwisha kuchoka.

Chuma kile kina makali na kimelowa, na vidole hukatika. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba anafanya haya kwa upande uleule kila siku. Mguu wa kushoto unabeba, wa kulia unavutwa, misuli ya upande mmoja inakaza kuliko ya upande wa pili, na mwili unaoendelea kukua unajizoeza kukua hivyo. Isitoshe, sheria haimruhusu kurudia namna ileile ya mkao mgumu ikahesabiwa mara ya pili ndani ya programu moja. Nia yake ilikuwa njema, tuone mambo tofauti. Lakini matokeo yake ni kwamba msichana anatakiwa awe na ghala la mikao migumu, na kila mkao una saa zake za mazoezi.

Denise Biellmann mwenyewe ni Mswisi, na si haki kumbebesha lawama. Mwaka 1980, katika Olimpiki ya Lake Placid, alikuwa wa kwanza katika programu ndefu lakini akamaliza wa 4, kwa sababu enzi hizo wachezaji walipimwa vilevile kwa kuchora maumbo ya duara kwenye barafu, na huko alikuwa wa 12. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia. Spini yake haikuwa ya lazima kwa mtu yeyote, na wengine walikuwa wameshaifanya kabla yake. Aliifanya kwa sababu mwili wake uliiweza, akaifanya vizuri mno, na ameendelea kuifanya hadharani hata baada ya kutimiza miaka 50. Kuna miili iliyoumbwa hivyo. Shida ilianza pale kipaji cha mwili mmoja kilipoandikwa kwenye jedwali kikawa madai kwa miili yote.

Na jedwali hilo lina historia inayouma. Januari 1996, mjini Riga, msichana wa Kirusi aitwaye Elena Berezhnaya alikuwa mazoezini na mwenzake wa wakati huo katika mchezo wa wawili. Walikuwa wakizunguka sambamba katika mkao wa ngamia, kila mmoja mguu umenyooshwa nyuma. Walikaribiana mno. Chuma cha kiatu cha mwenzake kikampiga kichwani, kikapasua fuvu na kuingia. Alipasuliwa ubongo. Alipoteza uwezo wa kusema, akajifunza kusema upya. Akarudi kwenye barafu na mwenza mwingine, Anton Sikharulidze, na mwaka 2002 wakatwaa dhahabu kule Salt Lake City. Lakini dhahabu ile iliingia kashfa: jaji mmoja wa Ufaransa alisema alishinikizwa katika kupiga kura, na pea ya Kanada, Jamie Salé na David Pelletier, nao wakapewa dhahabu. Kashfa hiyo ndiyo iliyouzika mfumo wa zamani wa alama 6.0, na mwaka 2004 Shirikisho la Kimataifa la Kuteleza kwenye Barafu, ISU, likaleta mfumo mpya wenye ngazi na majedwali. Berezhnaya, aliyeponea chupuchupu kwenye spini, alisimama kwenye jukwaa ambalo ugomvi juu yake ulizaa hesabu mpya ya spini. Sisemi kuna mkono wa mtu hapo. Nasema tu kwamba mfumo uliotungwa kuzuia majaji wasidanganye haukutungwa kwa kuuliza mgongo unavumilia nini.

Hatari ile ya ngamia wawili sambamba haikwisha. Februari 2007, Colorado Springs, Jessica Dubé wa Kanada alikatwa shavuni na puani na chuma cha mwenza wake Bryce Davison, mbele ya watazamaji, na jeraha likashonwa kwa nyuzi zaidi ya 80. Walirudi, na mwaka 2008 walipata shaba ya dunia.

Tuiache michezo ya wawili, turudi kwa msichana aliye peke yake. Mfumo mpya ulipoingia, mikao ya Biellmann ilizagaa kila mahali. Wengine walifanya nusu yake, mguu umefika usawa wa sikio, uso umekunjamana kwa maumivu, kasi imekufa, kwa sababu nusu iliyofanikiwa ililipa kuliko spini safi isiyo na pambo. Mimi naona hapo ndipo mchezo ulipojidhulumu. Spini nzuri ni ile iliyosimama mahali pamoja, ambayo chuma kimechora duara dogo kwenye barafu bila kutangatanga, na inayoongeza kasi badala ya kuipoteza. Hata mtoto anaijua akiiona.

Madaktari wa michezo wanalo jeraha wanalolikuta kwa wateleza barafu, kwa wanasarakasi wa mashindano na kwa wacheza baleti, na mara nyingi linakaa kwenye pingili ya 5 ya kiuno, ya chini kabisa kabla ya nyonga. Ni ufa mwembamba katika kijimfupa cha nyuma ya pingili. Haukuletwa na kuanguka. Umeletwa na kupindwa nyuma mara nyingi kabla mfupa haujakomaa. Dalili yake ni maumivu ya kiuno yanayozidi mtu akipinda nyuma na kutulia akipumzika, na picha ya kawaida ya eksirei inaweza isiuonyeshe ufa ukiwa bado mchanga. Daktari akilishuku, kuna kipimo kimoja anachoweza kumfanyia mtoto hapo hapo kliniki: humwambia asimame kwa mguu mmoja, apinde nyuma, amweleze kama inauma. Wasikilizaji, huo ni mkao uleule wa spini ya kulalia nyuma. Anachokifanya daktari mara moja, kwa tahadhari, ili kuamsha maumivu, msichana anakifanya mazoezini tena na tena, akizunguka. Tiba yake ni kupumzika, na mapumziko yenyewe huhesabiwa kwa miezi. Kwa msichana wa miaka 14 anayewania nafasi katika timu ya taifa, miezi mitatu ni msimu mzima. Ndiyo maana wengi hunyamaza.

Nyonga nayo ina habari yake. Kuzunguka shimo la nyonga kuna ukingo wa gegedu unaolishikilia fupa la paja lisichomoke. Mguu ukivutwa nyuma na juu huku ukisokotwa nje, ukingo huo husagika na hatimaye huchanika. Alissa Czisny wa Marekani alikuwa bingwa wa nchi yake mwaka 2009 na 2011, na spini zake zilipendwa na watu wa mchezo huu duniani kote. Alikuwa akilalia nyuma kwa utulivu ambao wengine hawakuufikia. Mwaka 2012, katika mashindano ya dunia mjini Nice, alianguka mara kwa mara akamaliza wa 22. Baadaye mwaka huohuo alifanyiwa upasuaji wa ukingo wa nyonga, na hakurudi tena katika hali yake ya zamani. Hakuna awezaye kupima ni kiasi gani kilitokana na miruko na kiasi gani na spini. Mwili hauandiki risiti. Lakini aliyekuwa fundi wa spini kuliko wote wa kizazi chake aliondolewa na kiungo ambacho spini hukitumikisha kuliko vyote. Na tukirudi kwenye mgongo, Kim Yuna wa Korea Kusini, aliyekuja kuwa bingwa wa Olimpiki mwaka 2010, aliteleza katika mashindano ya dunia ya Tokyo mwaka 2007 huku mgongo ukimsumbua, akapata shaba.

Kuna pia kichwa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakizungumziwi. Mteleza barafu hawezi kufanya kama mcheza baleti anayekaza macho mahali pamoja na kukigeuza kichwa mwisho. Spini ina kasi mno. Anakizoea kizunguzungu miaka kwa miaka mpaka ubongo ujifunze kukidharau. Kasi yenyewe ni ya kutisha: rekodi ya Guinness ni ya Mkanada Olivia Oliver, duru 342 kwa dakika, iliyowekwa Warsaw mwaka 2015. Hizo ni karibu duru 6 kila sekunde. Katika spini ya kusimama wima kichwa kiko katikati ya mzunguko, kwa hiyo hakivutwi sana. Katika ngamia, kichwa kiko mbali na katikati. Pigeni hesabu: kichwa kikiwa nusu mita kutoka katikati, na mchezaji akienda duru moja na nusu tu kwa sekunde, kinavutwa nje kwa nguvu inayozidi mara 4 ya uzito wake chenyewe. Damu nayo inakimbilia kichwani na kwenye vidole.

Lucinda Ruh, Mswisi mwingine, ndiye aliyelipa deni hilo akaja kulisimulia. Alijulikana kama malkia wa spini. Aprili 2003, New York, alizunguka duru 115 mfululizo kwa mguu mmoja, rekodi ya Guinness. Watu walikuja kumwona azunguke tu, basi. Kwa miaka mingi aliugua: kichwa, kichefuchefu, kuzimia. Mwaka 2011 alitoa kitabu cha maisha yake, na humo ameeleza kwamba chanzo kilikuwa mitikisiko midogo ya ubongo iliyotokana na kuzunguka kwenyewe, mmoja juu ya mwingine. Hakugonga kichwa popote. Naona habari hii ingetosha kumfanya kila kocha ahesabu duru za mwanafunzi wake mazoezini.

Jambo la mwisho ni tumbo. Mwili mwepesi, mwembamba, ambao haujaota nyonga, huzunguka kwa urahisi na hupindika kwa urahisi. Yulia Lipnitskaya wa Urusi aliushangaza ulimwengu kule Sochi mwaka 2014, akiwa na miaka 15, kwa spini ambayo mguu wake ulisimama wima ukigusana na kichwa. Mwaka 2017, akiwa na miaka 19, ilitangazwa kwamba ameacha mchezo baada ya kutibiwa maradhi ya kujinyima chakula. Msichana asiyekula vya kutosha husimama hedhi, na hedhi ikisimama mifupa hupungua nguvu. Sasa chukua mifupa hiyo uipinde nyuma mara mia kwa wiki. Majeraha haya hayaji kila moja na mlango wake.

Sheria zinaweza kubadilishwa, na tumeona zikibadilishwa. Juni 2022, mjini Phuket, Thailand, wajumbe wa ISU walipiga kura 100 kwa 16 kupandisha umri wa chini wa mashindano ya wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17, hatua kwa hatua, mpaka ulipokamilika msimu wa 2024–25. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya ya wachezaji, ya mwili na ya akili. Tangu hapo tumemwona Alysa Liu wa Marekani, aliyestaafu akiwa na miaka 16 kwa kuchoka, akarudi kwa hiari yake na kuwa bingwa wa dunia mwaka 2025 akiwa na miaka 19. Kaori Sakamoto wa Japani alikuwa ameshachukua ubingwa wa dunia mara 3 mfululizo akiwa mtu mzima, bila mruko hata mmoja wa mizunguko minne. Wanawake wazima wanaweza mchezo huu, na wanaupendezesha.

Lakini umri wa miaka 17 unamlinda aliye kwenye mashindano ya wakubwa. Ngazi ya 4 inafundishwa muda mrefu kabla ya hapo, kwa watoto wanaoshindana katika ngazi za chini, kwa jedwali lilelile la mambo magumu. Hapo ndipo mimi ningeanza. Kwa watoto, mkao wa Biellmann uondolewe kwenye orodha ya vitu vinavyopandisha ngazi. Anayeuweza aufanye, asilipwe. Mahali pake pawekwe duru zaidi katika mkao ulio safi, kasi inayoongezeka, na kuzunguka kwa pande zote mbili, kushoto na kulia, ili mwili ukue sawasawa. Duru 8 bila kubadili mkao tayari zinahesabiwa, na kuongeza kasi kunahesabiwa. Ni suala la uzito tu, kalamu moja kwenye jedwali moja. Wajumbe wa ISU hukutana kila baada ya miaka 2, na 0.3 ile imeandikwa na shirikisho lao.